Tatizo si simu, ni PDF

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema simu inaua ladha ya kusoma vitabu. Kwa riwaya, sikubaliani naye. Kinachochosha wengi ni PDF: ukurasa wake umepangwa kwa karatasi na haubadiliki, kwa hiyo unakuza herufi, kisha unasukuma kila mstari kushoto na kulia. Riwaya hiyo hiyo ikiwa EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, hujipanga upya kufuata upana wa kioo. Ongeza herufi hadi mstari ubaki na maneno sita au saba, zima arifa, usome.

Ushairi ndipo namuunga mkono kabisa. Mshororo wa tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, kwa kawaida una mizani (silabi) 16: 8 za ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili. Simu ikiwa wima mshororo hukatika popote na kina cha kati, silabi za mwisho za ukwapi zinazofanana, hupotea machoni. Ilaze simu, au punguza herufi. Utenzi hauna shida hiyo, maana kipande chake ni mizani 8 tu na hukaa mstari wake. Kwa wanaosikiliza vitabu vya sauti, riwaya huvumilia kasi ya 1.25, lakini shairi liacheni kwenye 1. Ukiharakisha, vituo vinamezwa na mahadhi yanakwenda navyo.