Kabla ya kuwasha inveta, mkumbuke aliye juu ya nguzo

Fundi alipomaliza kufunga inveta ya haibridi nyumbani kwangu Bamburi, Mombasa, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli za jua na betri uwe wa kutumika nyumbani huku kimeunganishwa na gridi, waya za umeme wa mtaani, aliniambia, "Mzee, washa tu. Kibali kitafuata, nani atajua?" Nilikataa kuwasha kabla kampuni ya umeme haijanipa kibali cha kuunganisha. Nikangoja majuma saba mfumo ukiwa umezimwa, joto la kaskazi limepamba moto na feni zinakula tokeni.

Stima ikikatika, fundi wa laini hupanda nguzo. Inveta isiyojitenga na gridi hurudisha volti 240 kwenye waya wa mtaa, na zikipita kwenye transfoma kinyumenyume zinapanda hadi volti 11,000. Paneli za nyumba yangu zinaweza kumuua mtoto wa mtu. Inveta nzuri hujitenga yenyewe ndani ya sekunde chache, lakini iwe imewekewa mipangilio inayofaa gridi yetu, na mtu mwingine asiyekuwa yule aliyekuuzia aithibitishe. Kibali ni uthibitisho huo.

Tena kuna suala la mita. Baadhi ya mita za tokeni huhesabu umeme unaotoka kwako kana kwamba umeutumia, ukajikuta unalipia jua lako mwenyewe.

Kilichoniudhi ni njia yenyewe. Fomu yangu ilirudishwa mara tatu: kwanza kampuni ya umeme ilitaka mchoro wa mfumo, kisha cheti cha inveta, halafu leseni ya fundi kutoka EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli. Kwa nini nisiambiwe yote siku ya kwanza? Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mteja kuzalisha hadi megawati 1 na kubadilishana umeme na msambazaji. Haki hiyo ipo, basi orodha ya karatasi ibandikwe ukutani, na mwombaji apewe tarehe ya kujibiwa. Mtaani kwetu nazijua nyumba tatu zilizowashwa kimyakimya. Wenyewe si watu wabaya, walichoka kuzungushwa. Nimewasihi warudi kuomba, na nitaendelea kuwasihi.

Siku ya ukaguzi alikuja kijana mmoja na kipimo chake. Akazima swichi kuu, akagusa kwa kipimo waya unaotoka kwenye inveta kwenda kwenye swichi hiyo. Sifuri. Akangoja kidogo, akapima tena. Sifuri. Sebuleni feni ilikuwa bado inazunguka. Akatia sahihi, nami nikamshika mkono kwa nguvu, maana huenda siku moja ni yeye atakayepanda nguzo ya hapa kwetu.