Moyo ukisimama Kondele, ridhaa aombwe nani?

Mtu akianguka sokoni Kondele, hapa Kisumu, na moyo umesimama, hakuna wa kusomewa fomu ya ridhaa. Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa kwa umeme hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Ndiyo maana tangu 1996 Marekani imeruhusu, kwa masharti makali, utafiti wa dharura uanze bila ridhaa.

Hoja ya wanaotetea ruhusa hiyo ina uzito. Adrenalini, dawa ya kuuamsha moyo, ilidungwa miaka na mikaka kwa mazoea, hadi utafiti wa PARAMEDIC2 wa Uingereza, uliochapishwa 2018, ulipowagawa wagonjwa 8,014: wengine adrenalini, wengine maji ya chumvi. Baada ya siku 30, asilimia 3.2 ya waliopewa dawa walikuwa hai, dhidi ya 2.4 ya waliopewa maji ya chumvi. Lakini kati ya walionusurika, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31 dhidi ya 17.8. Jibu hilo lisingepatikana kwa kungoja saini.

Sasa mwambie mfiwa wa mtaa wa Nyalenda kwamba mgonjwa wake alidungwa maji ya chumvi. Atakachosikia ni kwamba walimfanyia majaribio. Na ridhaa ya baadaye itolewe na mke au na kaka mkubwa? Baraza moja la chifu halimalizi swali hilo.

Hata hivyo, kwa Kisumu naona ugomvi wa ridhaa umetangulia wakati wake. Kinachokosekana kwanza ni hesabu. Anayeletwa na tuktuk akiwa ameshakata roho huishia kwenye daftari la mochari, kwa hiyo utafiti unaoanzia wodini huhesabu wenye bahati tu. Fomu ya Utstein ya kuandikia visa vya moyo kusimama, inayotumika duniani tangu 1991, hudai saa ya kuanguka, shahidi, aliyekandamiza kifua, na mdundo wa moyo uliopimwa kwanza. Pasipo mashine ya kuupima eneo la tukio, huo mdundo hauandikiki. Na dawa ikijaribiwa pale msaada unapochelewa nusu saa, itaonekana bure hata kama inafaa. Kilichopimwa ni ucheleweshaji.

Afadhali kuanza na daftari za mochari na mahojiano ya wafiwa, kama yale ambayo watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wameyafanya Siaya kwa miaka mingi. Kasoro ipo: “alianguka tu” huweza kuwa kiharusi au sumu, kwa hiyo visa vya namna hiyo viwekwe fungu lake, visilazimishwe kuwa moyo. Na mhojaji asibishe hodi kabla matanga hayajaisha.