Jogoo Mmoja Mwenye Afya

Mimi si mpinga maendeleo. Nalisema hili mapema kwa sababu katika kijiji chetu, huku Singida kwenye alizeti na upepo, mzazi akiuliza swali moja tu kuhusu mchango wa shule hupewa jina hilo kabla hajaketi, nalo humfuata hadi kwenye foleni ya kisima. Ninacholalamikia ni jambo dogo: shughuli yoyote ya wanafunzi, iwe michezo, iwe siku ya wazazi, iwe mahafali, ikifika shuleni kwetu hugeuka kuwa shughuli ya watu wazima wanaopenda viti vyenye mikono, huku mwanafunzi mwenyewe akibaki kuwa mpambe.

Barua ya mahafali ya darasa la saba ililetwa na binti yangu mwezi Agosti, ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya daftari la Hisabati. Ilianza kwa salamu, ikamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, kisha ikanishukuru mimi kwa "ushirikiano wangu wa siku zote", na hapo ndipo nilipojua kwamba kuna fedha inatafutwa, kwa maana ushirikiano huo wa siku zote sikumbuki kuwa nao. Kila mzazi wa mhitimu aliombwa shilingi 10,000, nusu debe la mahindi na jogoo mmoja mwenye afya. Mchango huo, barua ilisema, ni wa hiari, na mstari uliofuata ulitaja tarehe ya mwisho ya hiari yenyewe.

Nayajua mambo ya Serikali, msinione hivi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ndio uliotangaza elimu bila malipo, na tangu Januari 2016 shule ya msingi hupelekewa ruzuku iliyopangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ili zipatikane chaki, karatasi na matengenezo madogomadogo. Sare, madaftari na chakula cha mchana vilibaki mikononi mwetu wazazi, nasi tumevibeba bila kelele nyingi. Lakini nikipiga hesabu naona kwamba mchango wangu wa sherehe ya siku moja unalingana na ruzuku ya mwanangu ya mwaka mzima, na hapo jogoo bado hajapandishwa kwenye mzani.

Mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, kwa hiyo mtu angedhani kwamba wiki za mwisho za Agosti ni za kurudia masomo. Kwetu zilikuwa za mawe. Mawe yote yanayozunguka bustani ya shule yalipakwa chokaa, yakakauka, yakapitiwa na vumbi, yakapakwa tena. Wahitimu walichota maji ya kumwagia uwanja ili mgeni rasmi asimeze mchanga, katika msimu ambao mama watoto huoshea vyombo maji ya kupimiwa.

Siku yenyewe, ratiba ilisema mgeni rasmi angewasili saa tatu asubuhi. Skauti walipangwa barabarani tangu saa mbili, shingo zimefungwa skafu, fimbo zimesimamishwa, na mwalimu wa zamu akaamuru kwamba vumbi likionekana kwa mbali ngoma ianze mara moja. Vumbi katika mkoa huu halihitaji gari. Ngoma ilipigwa kwa ajili ya kimbunga kidogo, ikapigwa kwa ajili ya bodaboda aliyebeba magunia, kisha kwaya nzima ikaimba wimbo wa kumkaribisha mgeni, beti zote, mbele ya Fuso la mnunuzi wa alizeti, ambaye kwa adabu alisimama, akashusha kioo na kuwapungia mkono. Mgeni halisi alipofika saa saba na nusu, sauti zilikuwa zimekauka na skauti wawili walikuwa wamelazwa kivulini.

Hapo ukaja utambulisho. Mwalimu mkuu aliwatambulisha walimu, mwenyekiti wa kijiji akawatambulisha wajumbe wake, mtendaji akawatambulisha watu ambao mwenyekiti alikuwa amekwisha kuwatambulisha, na kila aliyeshika kipaza sauti alitangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kuanzia juu hadi chini. Sisi wazazi tulikuwa tumeketi kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yakigusa kidevu, tukipiga makofi kwa zamu.

Kilichoniuma zaidi ni ngonjera. Binti yangu alikuwa amepewa sehemu ya mjinga anayepinga elimu, na kwa muda wa mwezi mzima nyumba yangu haikusikia maneno ya kawaida. Nikiuliza chumvi iko wapi, nilijibiwa kwa mizani kumi na sita, vina vimekaa kati na mwisho. Nikimtuma dukani, alinilumba kwanza, akaenda baadaye. Nilivumilia yote hayo kwa kuwa nilitaka kumwona akisimama mbele ya watu, ashindwe hoja na mwenzake kwa heshima kama ilivyoandikwa, nami nipite mbele kumtuza noti niliyokuwa nimeikunja mfukoni. Alimaliza ubeti wa pili. Mshereheshaji akasimama na kusema kwamba kutokana na ufinyu wa muda ngonjera tunaipokea kama imesomwa yote. Basi mwanangu akashuka jukwaani bado anapinga elimu, mbele ya kijiji kizima, maana beti za kumbadilisha mawazo zilikuwa mbele.

Muda uliookolewa ulitumika kwa risala. Ilisomwa na mtoto, lakini iliandikwa na mtu mzima, kwa sababu sijawahi kumsikia mtoto wa miaka kumi na mitatu akilalamikia uhaba wa nyumba za walimu na uchakavu wa kabati la ofisi. Mgeni rasmi alisikiliza kwa makini, akasimama, akasema changamoto zote amezichukua. Mgeni wa mwaka uliopita naye alizichukua, tena hizohizo, na aliyemtangulia vilevile. Huko zinakopelekwa sikujui, maana kila kukicha tunazikuta uwanjani zimetutangulia.

Kisha ukafika mnada wa kuchangia madawati, na jogoo wangu akatolewa mbele. Nilimtambua kwa upanga wake uliolalia upande wa kushoto. Mila ya mnada wa namna hii mnaijua: anayenunua hachukui, bali humzawadia mkubwa mmojawapo. Mtendaji akamnunua kwa shilingi 15,000 na kumzawadia mgeni rasmi. Mgeni rasmi, kwa unyenyekevu uliopigiwa vigelegele, akamrudisha ili aendelee kuchangia elimu. Mnunuzi wa alizeti, ambaye kumbe alikuwa amerudi kuona shughuli aliyoimbiwa inahusu nini, akafika 20,000 na kumzawadia mwalimu mkuu, ambaye asingeweza kubaki na jogoo mbele ya mkubwa wake, hivyo naye akamrudisha. Mshereheshaji akauliza mzazi wa jogoo yuko wapi. Vidole vyote vikanionyesha. Nikajikuta nimesimama na kutamka 5,000 kwa ajili ya jogoo niliyemfuga mwenyewe, na noti iliyokunjwa kwa ajili ya ngonjera ikaondoka hapo. Nilipopita mbele kumshika, niliambiwa kwa upole kwamba nami, kwa mujibu wa mila, namzawadia mgeni rasmi. Safari hiyo hakurudishwa. Dereva alimfunga miguu na kumweka nyuma ya gari.

Makusanyo yalitangazwa kwa jumla kubwa ya kupendeza, ila sehemu nene ya jumla hiyo ilikuwa ahadi, zilizoandikwa kwa penseli nyuma ya daftari. Mbao haziuzwi kwa ahadi, na fundi seremala wetu, ambaye bado anadai ahadi za mahafali yaliyopita, alitoka kabla ya sala ya kufunga.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Idadi ya majogoo ililingana na idadi ya wahitimu, kwa kuwa kila mzazi alileta mmoja, na hata ukimtoa wangu aliyesafiri, hesabu bado ni nyepesi. Meza kuu ilipakuliwa kwanza, wageni waalikwa wakafuata, kamati ikala kwa kuwa ilichoka, na wahitimu wakapata wali wao darasani jua likizama. Binti yangu aliniambia alikuta shingo. Jirani yake alikuta mchuzi.

Shughuli pekee ninayoikubali kwa moyo mweupe ni mechi za UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata. Hapo magoli ni miti iliyokatwa asubuhi hiyohiyo, vijana wetu hucheza pekupeku wakiwa na jezi za kuazima, mabibi huacha kupeta mtama waje kumtukana mwamuzi, na hakuna anayesomewa risala. Mtoto akifunga bao, ni lake. Nililisema hili kwenye kikao cha wazazi kama pongezi, na kamati ikalipokea vibaya: mashindano yaliyofuata yaliletewa turubai, meza yenye kitambaa na maji ya chupa, na mechi ya kwanza ikachelewa ikisubiri mtu wa kuikagua timu.

Sasa mzigo mwingine unakuja. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, hivyo watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la saba. Wanangu wawili waliobaki wamefuatana darasa kwa darasa, mmoja huku na mmoja kule. Mama watoto ameanza kuzuia mayai yasiuzwe. Nilimfuata mwalimu mkuu kumuuliza kama mwaka huo kutakuwa na mahafali mawili, akaniambia, "Mzee, ondoa wasiwasi, kamati inafikiria kuyaunganisha ili kuwapunguzia wazazi gharama." Nikamuuliza kama majogoo nao wataunganishwa. Akanijibu kwamba hao watabaki wawili, kwa sababu huenda na wageni rasmi wakawa wawili.