Chumba kikilala tupu Dodoma, nani ataje bei?

Mwezi Juni, Bunge la bajeti likiwa limepamba moto, nilifika Dodoma nikitokea Kondoa kufuatilia hati ya kiwanja cha marehemu baba. Chumba nilichokizoea Area C, ambacho siku zote nalipa 45,000, binti wa mapokezi akaniambia ni 80,000. Kitanda kile kile, feni ile ile inayolia kama panga likinolewa. "Bunge lipo, kaka," akasema, na hapo huna la kubishana, nikalipa. Wiki ya tatu ya Julai nikarudi kumalizia shughuli. Wabunge walishaondoka, ubao wa funguo umejaa, korido nzima hakuna sauti ila televisheni ya mapokezi. Bei? 80,000. Nikataja 50,000. Binti akacheka kwa adabu, lakini mzee mmoja aliyekaa kwenye kochi, baadaye nikajua ndiye mwenye nyumba, akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Kijana, hoteli si soko la Majengo."

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu, kwa sababu naisikia kila mahali, hata kwa wageni wenyewe. Sokoni Majengo mtu mzima mwenye gari lake anabishania nyanya za 1,000 na hakuna anayemwona mchoyo. Bajaji tunapatana, kitenge tunapatana, mahari tunapatana mpaka usiku wa manane. Ila tukishavuka mlango wa kioo na kukuta vigae vinang'aa, ghafla kutaja bei kunakuwa aibu. Na aliyeizoea tabia hiyo mtandaoni, yule anayetafuta chumba cha nafuu kwa kuweka dau lake, anasemwa kuwa anaharibu soko. Nadhani anaonewa.

Jambo lenyewe si geni. Abiria wa Dar wanaijua inDrive, ambako mteja ndiye anayetaja nauli na dereva anakubali au anapandisha. Programu hiyo chimbuko lake ni Yakutsk, Urusi, kwenye baridi ya kutisha, madereva wa teksi walipopandisha nauli na wakazi wakaamua kutangaziana mtandaoni safari na bei wanayoweza. Kwenye vyumba vya hoteli Wamarekani walitangulia. Mwaka 1998 kampuni ya Priceline ilianza na tiketi za ndege, kisha vyumba, kwa mtindo wa "taja bei yako mwenyewe". Unachagua mji, unachagua eneo la mji, unachagua idadi ya nyota, unaandika dau lako na namba ya kadi. Jina la hoteli hulioni. Dau likikubaliwa, fedha inakatwa papo hapo, ndipo unaambiwa utalala wapi. Hakuna kughairi, hakuna kurudishiwa. Likikataliwa, huruhusiwi kuongeza 5,000 na kujaribu tena dakika ileile. Usubiri saa 24, au ubadilishe kitu: eneo, nyota, tarehe.

Hapo ndipo watu wa bajeti ndogo walipojifunza ujanja ninaoupenda. Mtu anayetaka nyota nne katikati ya mji alikuwa anatafuta kwanza maeneo ya pembeni ambayo hayana kabisa hoteli ya nyota nne. Dau la kwanza likigonga mwamba, anaongeza eneo mojawapo la namna hiyo kwenye ombi lake na kupandisha bei kidogo. Mfumo unaona ombi limebadilika, unamruhusu. Lakini hawezi kutupwa pembeni, maana huko nyota nne hazipo. Dau la pili, la tatu, la nne, bila kusubiri kesho. Ni sawa na mtu anayetaka chumba kizuri Uhindini aseme "au hata Ihumwa nitalala", akijua Ihumwa chumba cha daraja hilo hakuna. Watu wakawa wanapeana taarifa: dau gani lilikubaliwa, eneo gani, siku gani ya juma. Hapo mnunuzi mdogo alianza kujua bei ya chini kabisa ambayo muuzaji angeikubali, jambo ambalo kwa kawaida analijua muuzaji peke yake.

Mzee wa Area C angeuliza: hoteli zilikubalije upuuzi huo? Zilikubali kwa sababu chumba si gunia la mahindi. Mahindi yasipouzwa leo unayaweka ghalani Kibaigwa usubiri bei ya Februari. Chumba cha usiku wa leo kikilala tupu, usiku huo umekwenda. Tuchukue loji ya vyumba 20. Usiku wa kawaida inauza vyumba 12 kwa 80,000, mkononi inapata 960,000. Vinane vinalala tupu. Kufua mashuka, sabuni, maji, umeme na chai ya asubuhi ya mgeni mmoja, tuseme 15,000. Watu watano wakija na dau la 50,000, kila mmoja anaacha 35,000 ambazo zisingekuwepo, na bado hajaagiza kuku wa jioni.

Lakini mzee naye ana hesabu yake, na si ya kijinga. Wale 12 wa 80,000 wakisikia kuwa jirani amelala kwa 50,000, kesho nao watataka 50,000. Vyumba 17 kwa 50,000 ni 850,000. Umejaza nyumba, umechosha wafanyakazi, na umepata pungufu ya ulivyopata nyumba ikiwa karibu nusu tupu. Hilo ndilo linalomfanya akae na ubao wa funguo uliojaa na asione haya. Na hilo ndilo lililofanya jina la hoteli lifichwe kule Marekani. Hoteli ilikuwa inauza kwa bei ya kutupa bila kuitangaza bei hiyo, na mgeni wa kikazi anayelipiwa na ofisi, anayetaka hoteli fulani na si nyingine, aliendelea kulipa bei kamili. Kwa hiyo anayeweka dau haharibu bei ya mwenzake. Anainunua nafuu yake kwa kitu halisi: anakubali kutojua atalala wapi, na anakubali kutoghairi. Mwenzake amelipa zaidi ili ajue na ili aweze kughairi. Kwenye ndege ya kwenda Mwanza watu wa safu moja wamelipa nauli tofauti na hakuna anayesimama kudai haki.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi ya ile ya aibu, na nitaitaja maana ndiyo inayonizuia kushangilia. Kuficha jina kunahitaji daraja linaloaminika. Ukisema nyota tatu Chicago, unajua takribani utakuta nini. Dodoma sehemu kubwa ya nyumba tunazolala hazina nyota yoyote. Ni loji na gesti, na "self" (chumba chenye choo na bafu ndani) ya huku ina maji ya moto wakati "self" ya kule ina ndoo na kata. Ukiuza vyumba hivyo kwa kufumba macho, mgeni atakuwa anacheza kamari. Tena kuna kadi. Wengi wetu tunalipa kwa simu, na mtindo wa kukatwa kwanza ndipo uambiwe haumfai mtu ambaye desturi yake ni "nioneshe chumba kwanza". Kuna na risiti: aliyetumwa na asasi inayodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, atapeleka nini, ujumbe wa barua pepe kutoka ng'ambo? Na kuna yule dada anayetandika vitanda, ambaye nyumba ikijaa kwa bei ya kutupa kazi yake inaongezeka na mshahara unabaki pale pale. Hili la mwisho sina jibu lake, ila naona kuwa nyumba ikiwa tupu yeye ndiye wa kwanza kuambiwa akapumzike bila malipo.

Hata huko ulikoanzia, mnada huo haukudumu. Priceline iliacha dau la tiketi za ndege mwaka 2016, na la vyumba nalo likafuata. Ilibaki na njia ambayo jina la hoteli limefichwa lakini bei imeandikwa. Watu walichoka kubahatisha. Cha kuchekesha ni kwamba kampuni hiyohiyo iliinunua Booking.com mwaka 2005, na mtoto akamzidi mama mpaka mwaka 2018 kampuni mama ikajiita Booking Holdings. Waliotufundisha mgeni ataje bei wakawa ndio wenye mtandao uliozifunga hoteli kwa mikataba ya kutouza rahisi zaidi kwingineko. Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema masharti ya aina hiyo hayawezi kuepuka sheria za ushindani kwa kisingizio kwamba mtandao hauwezi kuishi bila hayo.

Sasa turudi nyumbani, maana Dodoma ina ugonjwa wake. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba hapa ndipo makao makuu, lakini serikali ilihamia kweli baada ya 2016, na mji ukawa jiji Aprili 2018. Loji zikaota kama uyoga: Kisasa, Ipagala, Nzuguni, Miyuji. Zote zinategemea mgeni yuleyule, mtu wa posho ya kujikimu, anayekuja Bunge likikaa na kuondoka likiahirishwa. Ijumaa alasiri watu wa ofisi wanaelekea Dar, Jumapili usiku wanarudi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, kwa nauli iliyoanzia 31,000 daraja la kawaida, mtu anaweza kuja asubuhi, akapanga foleni kwenye ofisi za serikali Mtumba, na akalala kwake Ubungo. Huyo ni mgeni aliyepotea, na hakupotezwa na waweka dau.

Bei inafanyaje katika hali hiyo? Inapanda Aprili, na Julai haishuki. Nimeiangalia miaka kadhaa kwenye nyumba tatu ninazozijua: kila bajeti inaacha alama yake, kama maji ya mafuriko ukutani. Mwenye nyumba akiuliza kwa nini ashushe, hakuna anayemjibu, kwa sababu mgeni asiyeweza 80,000 hasemi chochote. Anakwenda kulala kwa shangazi Chang'ombe, au anapanda basi la usiku. Ubao wa funguo unaona wageni hawapo. Hauoni kwamba walikuwepo, na kila mmoja alikuwa na 50,000 mfukoni. Dau ni njia ya huyo mtu kusikika. Hata likikataliwa, mwenye nyumba amejua kitu ambacho jana hakukijua.

Mnada wa Kimarekani hatuna, wala siuombi, kwa sababu ya yale ya nyota na kadi. Tulicho nacho ni simu. Loji nyingi za Dodoma zimejiorodhesha kwenye mitandao ya vyumba, na mitandao hiyo huchukua kamisheni, kwa kawaida kama asilimia 15. Kwenye chumba cha 80,000 hiyo ni 12,000. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi kichwani kwa sababu inaondoa aibu yote: ukikiona chumba mtandaoni kwa 80,000, ukampigia mwenye nyumba moja kwa moja na kumpa 68,000, hujamnyima hata shilingi. Amepata kile kile ambacho angepata. Bei ya kupatana inaanzia hapo, chini ya 68,000, na ukiomba 70,000 kwa unyenyekevu wa mtu anayekopa, wewe ndiye unayempa yeye ofa. (Na ukiwa umemwona kule mtandaoni, usiseme kuwa mtandao haukusaidii kitu; umekuonesha picha na namba ya kuanzia.)

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Nikijua nitakuwa Dodoma mwisho wa juma, Ijumaa saa nane mchana naandika ujumbe wa WhatsApp kwa loji tatu au nne nilizokwisha kuona vyumba vyake. Kabla ya saa nane mwenye nyumba bado ana matumaini, baada ya saa kumi na mbili anajua huna pa kwenda. Ujumbe mfupi, wenye salamu, usiku ngapi, dau, na kwamba fedha natuma sasa hivi na sitaghairi. Hilo la kutoghairi ndilo lenye uzito kuliko namba yenyewe. Kabla ya kutuma napiga hesabu ya bajaji: chumba cha 40,000 Nzuguni si nafuu kuliko cha 50,000 Area C kama shughuli zangu ziko mjini na nitakwenda na kurudi mara mbili. Wakati wa Bunge sijaribu kabisa. Hapo mwenye nyumba ana haki yake ya kuvuna, na mimi nakwenda Chang'ombe kwa shangazi.

Mwezi uliopita, kati ya loji nilizoziandikia, niliiweka na ile ya mzee. Nilitaja 50,000, usiku mbili. Wa kwanza alinijibu kwa emoji ya kucheka. Wa pili hakujibu. Mzee alikaa kama robo saa, akaandika: "Leta 55, chai imo. Ukifika mapokezi usitaje bei mbele za watu."

Nikatuma 110,000.