Usinunue Kiwanja Wakati wa Kaskazi

Nyumba tunayokaa hapa Milton Keynes, Uingereza, tuliinunua mwaka 2017. Kabla sijatia saini, wakili alinipa bahasha nene, na kurasa kadhaa ndani yake zilikuwa za maji tu: mto ulio karibu, maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi, maji yanayopanda kutoka chini. Muuzaji naye alijaza fomu, na swali mojawapo alilotakiwa kujibu kwa maandishi ni kama nyumba imewahi kuingia maji. Mimi mwenyewe nilishatazama kwenye tovuti ya serikali, bure, kwa kuandika namba ya posta.

Miaka mitatu kabla ya hapo nilinunua kiwanja Unguja, upande wa Fuoni, kwa video ya dakika mbili ya WhatsApp. Ilikuwa Januari. Jua kali, kaskazi inavuma, ardhi imekauka mpaka imepasuka. Dalali anatembea na simu yake huku anasema, "Tambarare kaka, hata kusawazisha huna haja." Nikatuma pesa. Sheha, kiongozi wa mtaa, akashuhudia, hati ya mauziano ikaandikwa, mama akapiga vigelegele.

Ile mipasuko ndiyo ingeniambia kila kitu kama ningekuwa na macho. Udongo wa kichanga haupasuki. Kinachopasuka namna ile ni kinamo, udongo uliolala na maji kwa miezi kisha jua likaukamua. Babu yangu alikuwa mkulima wa mpunga na neno hilo nilikua nalo nyumbani. Nimelisahau wapi, sijui.

Tulijenga vyumba vitatu, mama akahamia. Masika ya kwanza maji yalifika uani yakarudi. Masika ya pili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na usiku wa tatu mdogo wangu akanipigia simu ya picha. Niliona mtungi wa gesi unaelea jikoni na kugonga mlango wa kabati. Niliona magodoro yamepandishwa juu ya meza ya kulia, na mama amekaa juu yake, miguu kaikunja, msahafu kaushika kifuani. Karo la choo lilikuwa limefurika, kwa hiyo yale hayakuwa maji ya mvua peke yake. Kulipokucha maji yakaacha mstari ukutani, rangi ya chai, usawa wa paja la mtu mzima. Mstari ule umepakwa rangi mara mbili na bado unajitokeza.

Naandika haya kwa sababu nawajua wenzangu wengi, wa hapa Uingereza, wa Oman, wa Kanada, wanaonunua kama nilivyonunua. Huku ugenini hatuweki hata senti moja kwenye nyumba bila kuuliza habari ya mafuriko. Nyumbani tunauliza umbali wa barabara, umeme na bei, basi.

Wala sisemi kwamba huku wamemaliza. Mwaka 2007 mji wa Hull ulifurika kwa mvua iliyoshinda mitaro yake, na mji ule sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari inapojaa. Ramani nazo zina lugha yake, na lugha hiyo inapoteza watu. Eneo la hatari kubwa ya mto, kwa ramani za mipango miji za Uingereza, ni lile ambalo kila mwaka lina nafasi moja au zaidi katika 100 ya kufurika. Mtu akisikia hivyo anadhani yatakuja mara moja kwa karne na yeye keshakufa. Lakini ukikaa hapo miaka 30, na kila mwaka kura inapigwa upya, uwezekano wa kufurikiwa angalau mara moja ni kama asilimia 26. Robo nzima. Nani angenunua gari akiambiwa breki zina nafasi moja kwa nne za kukatika?

Kitu kingine nilichokipenda ni sheria ya bima. Tangu 2016 kuna mpango uitwao Flood Re unaowasaidia wenye nyumba za mabondeni kupata bima kwa bei ya kustahimilika, ila nyumba zilizojengwa kuanzia 2009 hazimo. Wamefanya makusudi ili mjenzi asijenge penye maji akitegemea wengine watamlipia. Nyumba ya mama haikuwa na bima yoyote. Bima yake nilikuwa mimi na zamu zangu za usiku.

Sasa mtu atasema kwetu hakuna ramani, tutajuaje? Hapo ndipo ninapopingana na wengi. Kwetu elimu hii ipo, na imeandikwa kwenye majina. Bwawani, Ziwani, Mtoni: kuna mgeni anayehitaji kuelezwa hayo? Darajani pana soko, na daraja halipo, kwa sababu palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukajazwa kidogo kidogo mpaka ukawa barabara na viwanja. Na mkono wa bahari ukijazwa, bahari haihami moyo. Bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, likikutana na mvua kubwa, mtaro unaomwaga baharini hauna pa kumwaga, kwa kuwa kule mwisho bahari nayo imepanda. Kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua tofauti ni kama mita nne. Mvua ile ile ikinyesha siku ya maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, inaweza kupita bila mtu kuikumbuka.

Wazee walijenga wakiyajua haya. Baraza za mawe za Mji Mkongwe ni za kukalia na kuzungumza, lakini masika kichochoro kikijaa, watu walipita juu yake. Pemba nenda kokote kwenye vilima, utakuta nyumba ziko juu na mpunga uko bondeni, na hakuna aliyehitaji mhandisi kuwaambia. Leo bonde ndilo linalouzwa, kwa sababu ndilo lililobaki na ndilo rahisi. Mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi yamekatwa vipande, mrithi anauza kipande hiki leo na kile kesho, na kipande cha mwisho kuuzwa mara nyingi ndicho kile ambacho marehemu hakukijenga. Alikuwa na sababu zake.

Hapa Milton Keynes, mji uliopangwa kuanzia 1967, walichimba maziwa ya kupokea maji ya mvua ili mji usizame. Ziwa la Willen, ambapo wanangu huendesha baiskeli, ni moja ya hayo. Mvua kubwa ikija linajaa, kisha linayaachia maji mtoni taratibu. Kila nikipita pale naikumbuka Mwanakwerekwe, kule Unguja. Sisi Mungu alitupa maziwa ya namna hiyo bila kuchimba, nasi tukayazunguka kwa nyumba na maduka, kisha barabara ikigeuka ziwa tunasema mvua za siku hizi zimezidi. Mitaro mikubwa iliyojengwa mjini kwa mradi wa huduma za miji Zanzibar, ZUSP, kwa fedha za Benki ya Dunia, imesaidia, na aliyeijenga namshukuru. Lakini mtaro hauwezi kushindana na kila kiwanja kipya kinachojazwa kifusi.

Hicho kifusi ndicho kinachonikosesha usingizi. Baada ya yale maji nilituma pesa, yakaja malori kumi na moja ya kifusi, tukainua ua na kuzungushia ukuta. Masika iliyofuata kwa mama hayakuingia. Yaliingia kwa jirani, mama mjane mwenye nyumba ya udongo, ambaye miaka yote alikuwa pembeni ya njia ya maji na hayakuwahi kumfika. Ukuta wake wa nyuma ukalala. Nimemjengea kwa tofali, na hakuwahi kunitolea neno baya, lakini mimi najua yale maji yalitoka kwangu. Pesa za nje zinafanya hivi mitaa mingi: mwenye uwezo anajinyanyua, maji yanamtafuta asiye na uwezo.

Alipokuja ami yangu kukitazama kiwanja, baada ya hasara yote, alisimama dakika tano tu. Akaonyesha ndago na matete, majani ya penye maji, kando ya ukuta. Akamuuliza mzee wa nyumba ya tatu, na mzee akajibu bila kufikiri kwamba hapo palikuwa konde la mpunga, na vyura hawawaachi kulala tangu mvua ya kwanza. Nikamuuliza ami kwa nini hawakuniambia. "Mwanangu, ulimuuliza nani?" Nilikuwa nimemuuliza dalali, anayelipwa nikinunua. Yule mzee hakulipwa na mtu, na angenieleza yote kwa kikombe cha kahawa.

Dalali huyo huyo alinishauri nipake rangi na kuuza Januari, kuna mteja yuko Dubai. Nilimwambia nitauza akimwonyesha kwanza ule mstari wa ukutani. Hajapiga tena.

Jambo moja naliomba serikali yetu. Kuanzia 2016 visiwa vyote viwili vilipigwa picha za angani kwa droni, kazi ya Kamisheni ya Ardhi na vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pamoja na wengine. Picha hizo zionyeshe njia za maji, ziwekwe kwa kila sheha, na muuzaji aandike kwenye hati: mahali hapa pamewahi kuingia maji, au hapajawahi. Sentensi moja. Akidanganya, awe na la kujibu mahakamani.

Mama sasa anakaa kwa ami, nami natafuta kiwanja kingine, na natafuta masika tu. Aprili hii ami alikwenda kukitazama kimoja upande wa Tunguu, siku ya nne ya mvua, kavaa buti za mpira na mwavuli mkononi. Aliiweka simu karibu na ardhi nione. Alichoma fimbo, akaichomoa, shimo likabaki tupu. "Kichanga," alisema. "Kinakunywa." Nikamwambia nitatuma pesa ya arubuni.

"Subiri," alisema, na picha ikaanza kutikisika kwa mwendo wake. Alikuwa anavuka barabara kwenda nyumba ya jirani, na nilimsikia akipiga hodi.