Hans Ertl: Kamera, Mlima na Swali la Utii

Mwishoni mwa Olympia, filamu ya Leni Riefenstahl kuhusu Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, warukaji wanajitupa kutoka jukwaani kuelekea bwawani mmoja baada ya mwingine, na mtazamaji anashuka nao kutoka angani, anapasua maji, kisha anajikuta chini kabisa katikati ya mapovu. Picha za chini ya maji ni kazi ya Hans Ertl, aliyeitia kamera yake katika kasha lisilopenya maji, akazama pamoja na mrukaji, na kurekebisha lenzi na mwanga huku akizidi kushuka. Wanaotega kamera ndani ya mabwawa ya mashindano siku hizi wanapita njia ambayo yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifyeka.

Ubora wa kazi hiyo haubishaniwi. Kinachobishaniwa ni kama mpigapicha anabeba dhamana ya kile ambacho picha zake zilitumwa kukifanya, na hapo watu wamegawanyika kwa sababu zinazostahili kusikilizwa.

Wanaomtetea huanza na milima. Ertl alizaliwa Munich mwaka 1908, na sifa yake ya kwanza aliipata kwa kamba na shoka la barafu: mwaka 1930 alikuwa mmoja wa wawili waliopanda kwa mara ya kwanza ukuta wa kaskazini wa Königspitze, mlima wa Alps, na mwaka uliofuata akafanya hivyo hivyo katika ukuta wa kaskazini wa mlima jirani, Ortler. Mwaka 1934 alikuwa Himalaya. Mtu wa aina hiyo, wanasema, aliingia katika sinema kwa sababu aliweza kuifikisha kamera mahali ambapo wenzake hawakuthubutu kukanyaga. Hakuandika hotuba wala kutunga sera. Mjumbe hauawi. Tena, katika filamu ileile, Jesse Owens, Mmarekani mweusi aliyetwaa medali 4 za dhahabu, anaonekana kwa utukufu wake wote, jambo ambalo halikubaliani kirahisi na imani za ubaguzi wa rangi za utawala wa Kinazi wa Hitler uliolipia filamu hiyo.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inanyamazia mengi. Fedha za Olympia zilitoka serikalini, kupitia kampuni iliyoanzishwa ili mkono wa Wizara ya Propaganda usionekane, na filamu ilizinduliwa tarehe 20 Aprili 1938, siku ya kuzaliwa ya Hitler. Gretel Bergmann, Myahudi aliyekuwa ameifikia rekodi ya Ujerumani ya kuruka juu kwa mita 1.60, aliachwa nje ya timu. Wiki mbili kabla ya ufunguzi wa Michezo, mamia ya Waroma (jamii iliyozoeleka kuitwa Wajipsi) wa Berlin walikamatwa na kufungiwa katika kambi ya Marzahn. Simaanishi kwamba Ertl alipaswa kuyapiga picha hayo akiwa ndani ya bwawa. Ninachosema ni kwamba uzuri alioutengeneza kwa uaminifu mkubwa ulitumika kama pazia, na kadiri pazia lilivyopendeza, ndivyo wageni walivyozidi kuacha kuuliza kuna nini nyuma yake. Kisha ikaja vita, naye akaipiga picha akiwa upande wa jeshi la Ujerumani, pamoja na majeshi ya Jenerali Rommel katika jangwa la Afrika Kaskazini. Hapo hoja ya mwanamichezo aliyepotelea katika sinema inakuwa ngumu sana kuisimamisha.

Kwangu mimi, ushahidi unaosumbua kuliko wote unatoka Nanga Parbat, mlima wa mita 8,126 ulioko Pakistani, ambao hadi mwaka 1953 ulikuwa umeua watu 31 na haujafikiwa kileleni. Ertl alikuwa mpigapicha wa msafara wa Wajerumani na Waaustria. Mwanzoni mwa Julai viongozi waliokuwa kambi ya chini waliwaamuru waliokuwa juu washuke. Hali ya hewa ilikuwa imetulia, na kundi dogo lililokuwa juu, Ertl akiwemo, likakataa. Ni kwa sababu ya ukaidi huo kwamba Hermann Buhl aliweza kufika kileleni tarehe 3 Julai, peke yake na bila oksijeni ya mtungi, akalala usiku akiwa wima juu ya mwamba, na kurudi kambini saa 41 baada ya kuondoka. Picha ya uso wake, uliozeeka miaka mingi kwa siku mbili, ilipigwa na Ertl.

Basi huyu hakuwa mtu asiyejua kusema hapana. Alipoamini kwamba amri haina akili, aliikataa mbele ya wakubwa wake. Mtetezi atanijibu, na kwa haki, kwamba kumkaidi kiongozi wa msafara si sawa na kuikaidi dola iliyojenga kambi za mateso. Adhabu ya kwanza ni ugomvi, ya pili inaweza kuwa kifo. Nakubali tofauti hiyo. Hata hivyo, kati ya kufa na kuitikia kila mwito kulikuwa na nafasi pana, na wapo wapigapicha na waongozaji wa filamu Wajerumani walioondoka nchini. Eugen Schüfftan, bingwa wa hila za kamera aliyekuwa Myahudi na hivyo hakuwa na hiari kubwa, aliondoka mwaka 1933.

Miaka ya 1950 Ertl alihamia Bolivia, akapiga filamu chache za msituni, kisha akageukia kilimo. Hakupenda kuitwa Mnazi. Alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 92.

Binti yake Monika alijifunza kamera kwa baba na kumsaidia katika filamu hizo. Baada ya mwanamapinduzi Che Guevara kuuawa Bolivia mwaka 1967, aliiacha kazi hiyo na kujiunga na wapiganaji wa msituni. Alitajwa kuwa ndiye aliyempiga risasi balozi mdogo wa Bolivia mjini Hamburg mwaka 1971, ingawa hakuwahi kufikishwa mahakamani, na mwaka 1973 naye aliuawa La Paz. Njia yake siwezi kuitetea. Lakini ni yeye, aliyekulia karibu na kamera hiyo, aliyeamua kwamba kutazama tu hakutoshi.