Polishi inakula rangi ya gari lako

Boneti ikipauka, shauri utakalopewa kijiweni ni moja tu: lipeleke gari likapigwe polishi. Sina ugomvi na polishi. Ugomvi wangu ni na ule wepesi wa kuikimbilia. Hapa Dar es Salaam kuna magari yanapigwa mashine kila sikukuu ikikaribia, na wenyewe wanaamini wanayatunza.

Gari la kisasa lina praima, yaani rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, halafu klia, tabaka la juu lisilo na rangi. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wako. Sasa kompaundi, yaani ile polishi kali ya kuondolea mikwaruzo, ina chembe kali za kusaga. Haifukii mkwaruzo hata kidogo. Inaisaga klia iliyouzunguka mpaka ilingane nao. Kwa hiyo kila gari likitoka kwa fundi linameremeta, klia imepungua, na iliyopungua hairudi. Klia hiyohiyo ndiyo inayoikinga rangi na jua. Ikiwa nyembamba mno, itababuka, na itaanzia kwenye paa na boneti, kunakopigwa na jua la saa saba mchana.

Fundi mwenye ujuzi utamjua kabla hajawasha mashine. Ataliosha gari kwanza, maana vumbi lililobaki ni msasa. Atapitisha kucha juu ya mkwaruzo: kucha ikikwama, mkwaruzo huo ni wa kina na atauacha. Atabandika tepu kwenye kingo, kwa sababu hapo klia ni nyembamba na huungua upesi. Kisha atajaribu kipande kidogo kwa pedi laini na polishi nyepesi, na kompaundi ataishika pale tu nyepesi iliposhindwa.

Tena ataiangalia pedi. Kwenye gari jekundu lenye klia, pedi ikianza kutoka na wekundu, klia imeshakwisha hapo na kinachosagwa ni rangi yenyewe. Kwenye magari ya zamani yaliyopakwa rangi bila klia, wekundu huo ni wa kawaida kabisa. Asiyejua ameshika gari la aina gani asiguse swichi.

Yadi za magari nazo zina mambo yake. Baadhi ya polishi zina mafuta yanayoziba mikwaruzo midogo kwa muda. Gari linang'aa siku ya kununua. Ukiliosha mara kadhaa na kuliangalia juani, boneti nzima imejaa mikwaruzo midogo kama utando wa buibui.

Na mikwaruzo hiyo inatoka wapi? Mara nyingi pale pale tunapooshea. Tambara lililosugua rimu ndilo linalopanda kwenye boneti, likianguka chini linaokotwa na kazi inaendelea. Sabuni ya unga inaondoa nta iliyopakwa juu ya klia. Ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, pamoja na nta kila baada ya miezi michache, vinasaidia gari kuliko mashine ya kila mwaka. Kinyesi cha kunguru kitoe siku hiyohiyo kwa maji mengi, kisikaukie juani kikala klia. (Kivuli cha mwembe ni kizuri, ila kunguru nao wanakipenda.)

Kama klia imeshababuka na kuacha mabaka meupe yenye kingo zinazobanduka, polishi haina kazi tena. Hapo ni msasa, rangi na klia upya kwenye paa au boneti nzima, na anayekuahidi kulirudisha kwa mashine anataka hela yako. Lakini kama gari limefifia tu, na ukilimwagia maji rangi inakolea, mwambie fundi ajaribu kipande cha kiganja kimoja mbele yako. Akikataa, washa gari uondoke.